Nilimfuata mama mdogo Lugoba kununua vumbi

Mama mdogo alinipigia simu Jumatano usiku. Baada ya salamu na kuulizia hali ya kila mtu, akasema: "Mwanangu, Jumamosi nakwenda Lugoba kununua vumbi. Nataka twende wote."

Kwa asiyejua biashara ya mawe, maneno hayo yanachekesha. Nani anasafiri zaidi ya kilomita 100 kununua vumbi, wakati Dar es Salaam vumbi linaingia bure hadi kwenye sufuria? Lakini mama mdogo hakuwa anatania. Amegonga kokoto kwa nyundo Kunduchi Mtongani kwa zaidi ya miaka 20. Nyundo hiyo ndiyo iliyonilipia ada nikiwa sekondari, na nyundo hiyo ndiyo iliyonunua godoro nililokwenda nalo chuo. Sasa mgongo unamuuma, wateja wa kokoto za mkono wamepungua, naye amepiga hesabu zake. Anataka kufyatua matofali.

Kwangu alitaka mambo mawili. Kwanza, nimchangie fedha ya mashine. Pili, nikauone mzigo wenyewe kwa macho yangu, kwa sababu, alivyosema, "wewe ndiye msomi wa nyumba hii."

Mimi huandika habari za afya. Aliposema vumbi, yeye alikuwa anawaza matofali. Mimi nilikuwa nawaza mapafu yake, na mapafu ya mjukuu wake wa miaka minne ambaye hushinda naye kutwa nzima kwenye machimbo.

Mtongani, kabla ya jua

Nililala kwake Ijumaa ili tuondoke mapema. Saa kumi na moja alfajiri nilisikia nyundo ya kwanza. Ko, ko, ko. Baadhi ya wanawake wa pale huanza kazi kabla jua halijawa kali, wamekaa chini ya kibanda cha magunia, jiwe moja kubwa mbele kama kinu, nyundo mkononi, na mpira wa tairi umezungushiwa jiwe dogo ili vipande visiruke machoni.

Mawe ya Kunduchi ni ya matumbawe ya kale, jamii ya chokaa, meupe yanayoelekea manjano. Watu wa pwani wameyajengea kwa karne nyingi. Mtu akitembelea magofu ya Kunduchi ataona msikiti wa zamani na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa mawe hayo na chokaa iliyochomwa. Akiangalia ukuta kwa karibu ataona kwamba katikati ya mawe makubwa wamejaza vipande vidogovidogo, vile ambavyo leo tungeviita kifusi. Wazee wale hawakutupa kitu.

Nilimkuta mjukuu amekwishaamka, anachezea rundo la ungaunga mweupe nyuma ya kibanda, anajaza kopo na kumwaga. Nywele zake zilikuwa nyeupe kama za babu. Mama mdogo alimpangusa kwa ncha ya khanga, akamkabidhi kwa jirani, tukaondoka.

Njia ya Bagamoyo

Tulipanda kwenye tipa la kijana wa mtaani ambaye hupeleka mizigo ya ujenzi, sisi wawili mbele pamoja naye. Tulipita Tegeta, kiwanda cha saruji cha Wazo kikiwa juu ya kilima chake, kisha Bunju, kisha Bagamoyo. Baada ya Bagamoyo tulishika barabara ya Msata, tukavuka Mto Ruvu, tukasimama Kiwangwa kununua mananasi. Msata tukakata kushoto kwenye barabara kuu inayokwenda Chalinze, na muda si mrefu tukawa Lugoba.

Njiani dereva alitueleza kwa nini siku hizi watu wengi wanataka vumbi. Mchanga mzuri unazidi kuwa mbali. Mchanga wa mitoni unapochimbwa ovyo, kingo hubomoka, mto hupanuka, na nyumba za jirani hubaki zinaning'inia. Anayeishi karibu na mito ya Dar es Salaam hahitaji kusimuliwa. Kwa hiyo mafundi wakaanza kuangalia lile rundo ambalo wenye mitambo ya kokoto walikuwa hawajui walipeleke wapi.

"Zamani lilikuwa kero," alisema dereva. "Sasa unakuta foleni."

Rundo lenyewe

Kabla hujaiona mitambo ya Lugoba unaona miti. Majani ya miti iliyo karibu na machimbo hayana rangi ya kijani, yana rangi ya majivu.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Mwamba unalipuliwa, mawe makubwa yanaingizwa kwenye mtambo wa kusaga, kisha yanapita juu ya machekecheo yanayotikisika. Kila chekecheo linatenga saizi yake: kokoto kubwa huku, za kati kule, ndogo pale. Kinachopita kwenye chekecheo la mwisho, punje za milimita tano kushuka chini hadi unga kabisa, ndicho kinachoitwa vumbi la kokoto. Hakuna mtambo unaosaga mawe bila kutoa vumbi, kama ambavyo hakuna mashine ya kukoboa mahindi isiyotoa pumba.

Likiachwa, vumbi hilo ni taka yenye madhara. Upepo hulipeperusha hadi kwenye nyumba na mashamba. Mvua hulisukuma kwenye mitaro na vijito. Rundo hukua hadi linakula nafasi ya kazi. Likitumika, ni mali. Linakwenda kwenye matofali, kwenye pavingi za uani, chini ya lami na ndani ya lami yenyewe. Mawe mabovu na kifusi cha juu, navyo hujaza misingi na barabara za mitaa.

Nilishika konzi moja. Si laini kama nilivyodhani. Punje zake zina kona kali, tofauti na mchanga wa mto ambao maji yameuviringisha kwa miaka mingi. Fundi mmoja tuliyemkuta akisubiri mzigo alitueleza kwamba kona hizo ndizo zinazosaidia: punje zinashikana, na saruji inapata pa kung'ang'ania. Ubaya wake ni kwamba vumbi linataka maji mengi kuliko mchanga, na likizidi ule unga mwembamba, tofali linakuwa zuri kwa macho tu. Yeye huchanganya vumbi na mchanga.

Akatuonyesha kipimo cha bure, ambacho mzazi yeyote anayejenga anaweza kukifanya. Chukua chupa ya maji inayopitisha mwanga. Jaza vumbi hadi karibu nusu, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie kwa saa kadhaa. Punje nzito zitakaa chini, na unga mwembamba utakaa juu yake kama tope. Tope likiwa utando mwembamba, mzigo unafaa. Likiwa nene, ongeza mchanga au tafuta rundo lingine.

Mama mdogo alifanya kipimo hicho kwa chupa yake mwenyewe, kwenye marundo mawili. Akachagua la pili. Nilimtazama akibishana bei na kijana wa mizani nikaona kwamba kwenye upande wa biashara hakuhitaji msomi.

Kilichonitia wasiwasi

Karibu na mtambo kulikuwa na vibarua watatu wakipakia kwa machepe. Mmoja alikuwa amejifunga fulana puani. Wawili hawakuwa na kitu. Kila chepe lilipotua ndani ya gari, wingu la kijivu lilipanda na kuwafunika hadi kiunoni.

Hapo ndipo tofauti ya Lugoba na Mtongani inapokuja, na mama mdogo hakuwa anaijua. Mawe ya chokaa kwa kawaida yana silika kidogo. Vumbi lake linakohoza na linachoma macho, wala silisifu, lakini halifanani na la miamba migumu. Miamba ya jamii ya graniti ina silika nyingi. Silika ni madini yaleyale ya mchanga mweupe, ndiyo inayotengenezewa kioo. Ukiishika mkononi haikudhuru. Tatizo linaanza jiwe linaposagwa, chembe zisizoonekana kwa macho zikaelea hewani, nawe ukazivuta.

Chembe hizo hupita puani na kooni hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingi hazitoki tena. Mwili unajaribu kuzizingira, unaacha makovu, na sehemu yenye kovu haipumui. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 10 na zaidi ya kuvuta vumbi, ingawa pale vumbi linapokuwa zito sana huwahi zaidi. Hauna tiba ya kuuondoa. Mwenye silikosisi pia hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Mwaka 1997, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliiweka silika inayovutwa kazini kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kwa maneno mengine, mama mdogo alikuwa anaondoka kwenye kazi ya kuumiza mgongo na kuingia kwenye vumbi lililo hatari zaidi kwa kifua, na mjukuu akiwa pembeni.

Nilimweleza haya tukiwa tunarudi, gari likiwa limejaa. Alinisikiliza kimya hadi tulipofika Kiwangwa. Kisha akasema: "Miaka yote hiyo nimekula vumbi ukiwa unasoma, hukuniambia. Leo nataka kupumzisha mkono ndiyo unaniletea ugonjwa."

Sikuwa na jibu. Dereva aliongeza sauti ya redio.

Maji

Jumapili tulikwenda kwenye yadi moja ya matofali maeneo ya Bunju, ya mzee anayefahamiana na mama mdogo tangu zamani. Nilitaka tuone kazi ikifanyika kabla ya kutoa fedha. Na pale ndipo tulipopata mwafaka, bila mimi kuhubiri.

Mzee yule hupokea vumbi likiwa limefunikwa turubai na kulimwagia maji kabla halijashushwa. Rundo lake halikauki. Anachanganya likiwa na unyevu, kipimo kimoja cha saruji kwa vipimo sita vya vumbi na mchanga. Baada ya kufyatua, matofali hukaa kivulini chini ya magunia na humwagiliwa asubuhi na jioni, si chini ya siku saba. Tulikaa pale saa nzima na sikuona wingu hata moja.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia. "Unafanya hivi kwa ajili ya afya ya vijana wako?"

"Marahaba. Nafanya kwa ajili ya tofali," akacheka. "Saruji hainyauki na kuwa jiwe, inakunywa maji na kuwa jiwe. Ukiikausha mapema inakufa. Hiyo afya imekuja yenyewe."

Ndicho ninachotaka mzazi anayesoma hapa akikumbuke. Vumbi likilowa haliruki, na lisiporuka halivutwi. Tofali likimwagiliwa linakomaa, na likikomaa halibomoki. Anayebania maji anaharibu tofali na kifua kwa pamoja. Yadi inayotimua vumbi mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayouza tofali linalomeguka kwa kucha.

Mama mdogo hakuniambia kwamba nilikuwa sahihi. Alimuuliza mzee bili yake ya maji ni kiasi gani kwa mwezi, akaiandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mjukuu.

Ukienda kununua

Kama mnajenga, hata chumba na sebule, nendeni yadini wenyewe. Tofali la vumbi ni zuri likitengenezwa vizuri. Angalia mambo haya.

Rundo la vumbi lina unyevu au linapeperuka? Matofali yanamwagiliwa, au yamepangwa juani yamekauka? Uliza yana siku ngapi. Kwaruza kona kwa msumari. Likitoka unga mwingi, acha. Liinue hadi usawa wa bega uliachie kwenye ardhi ngumu. Zuri linaweza kumeguka kona, lakini halipasuki vipande vitatu. Lizamishe moja kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi lisiwe limelainika. Na kama nyumba ni ya ghorofa, vipimo vya macho havitoshi, peleka sampuli maabara. Kwa ushauri wa vifaa vya ujenzi wa gharama nafuu upo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA), ambao kwa miaka mingi umekuwa ukifundisha pia matofali ya kufungamana.

Kama vumbi ndilo linalokulisha

Wapo wasomaji ambao hawanunui matofali, wanayafyatua, au waume na wake zao wako kwenye mitambo. Kwenu nina haya.

Lowesha kwanza, kisha gusa. Usifagie yadi ikiwa kavu. Barakoa ya kitambaa au fulana haizuii chembe za silika. Inayofaa ni ile ya kuchuja chembe ndogo, aina ya N95 au FFP2, ikikaa vizuri usoni. Hata hiyo ni msaada wa pili, wa kwanza ni maji. Vaa glavu na buti, kwa sababu saruji mbichi inaunguza ngozi polepole bila wewe kujua.

Ukifika nyumbani usimpakate mtoto na nguo za kazi. Oga, badili, na zile nguo zifuliwe peke yake bila kukung'utwa ndani. Mtoto asishinde yadini, hata kivulini. Akiwa mkubwa kiasi cha kushika chepe, kumbuka kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi hatarishi, na machimbo ya mawe yamo. Mashimo ya machimbo nayo hujaa maji wakati wa mvua, na watoto huyaona kama bwawa la kuogelea.

Ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukabanwa pumzi kwenye mwinuko uliouzoea, ukapungua uzito au kutoka jasho usiku, nenda kituo cha afya. Vipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure. Na ukifika, mwambie daktari kazi yako: "nagonga kokoto", "nafyatua matofali ya vumbi", na kwa miaka mingapi. Picha ya mapafu yenye silikosisi inaweza kufanana na ya kifua kikuu. Daktari asiyejua kazi yako anaweza kukosea njia. Aliyeajiriwa akumbuke kwamba mwajiri ana wajibu chini ya sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003, na wanaoisimamia ni OSHA.

Mashine

Fedha ya mashine niliitoa. Tuliandikiana masharti kwenye daftari, yeye akicheka kwamba sasa anasaini mkataba na mtoto aliyemwogesha. Sharti la kwanza ni tangi la maji na mpira mrefu, vinunuliwe kabla ya mashine. La pili, mjukuu aende kwa mama mmoja wa jirani anayelea watoto wa mtaa asubuhi hadi mchana, na ada yake iwe sehemu ya gharama za matofali kama saruji ilivyo. La tatu lilikuwa lake: nimsindikize hospitali, kwa sababu kikohozi chake, ambacho mimi nilikuwa nimekizoea tangu nikiwa kidato cha kwanza, yeye alikuwa amekiwaza tangu Kiwangwa.

Tulikwenda. Majibu ya makohozi hayakuonyesha kifua kikuu. Alipigwa picha ya kifua, akapangiwa kurudi kwa uchunguzi zaidi. Nilichungulia daktari alipokuwa anaandika. Kwenye nafasi ya kazi, ambapo kwa miaka yote kadi zake zilikuwa zimeandikwa "mama wa nyumbani", safari hii paliandikwa: kugonga kokoto, miaka 20.

Wiki iliyopita nilipita Mtongani jioni. Matofali yake ya kwanza yalikuwa yamepangwa chini ya magunia ya kibanda kilekile, yanachuruzika maji. Hayajafika siku saba. Alikuja mteja akataka kuyabeba siku ile ile, fedha taslimu mkononi. Mama mdogo alimkatalia, akamwambia arudi Jumatano, kisha akachukua mpira akaendelea kumwagilia.